Mahari ya Sarafu za Kioo

Mpaka leo kuna watu pale Dunda, mtaa wetu wa Bagamoyo, wanaoapa kwamba niliolewa kwa shilingi kumi na mbili na vipande, yaani bei ya mbuzi mmoja, tena mbuzi mwenye kikohozi. Nimechoka kuwasahihisha. Wengine wao walikula pilau ya harusi yangu mpaka wakalegeza mikanda, kisha wakaenda kutangaza bei yangu barazani. Naandika haya ili wajukuu zao wajue kwamba babu zao walikuwa hawajui hesabu.

Habari yenyewe inaanza na karatasi. Baba yangu alikuwa na duka dogo la rejareja: chumvi, sukari, mafuta ya taa, viberiti, sabuni ya mche. Sukari ilifungwa kwenye karatasi iliyokunjwa pembe, na karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo kila mzungu wa serikali alipohamishwa na vyombo vyake vikapigwa mnada, baba alikwenda kununua vitabu. Hakusoma hata kimoja. Alivipima kwa mkono akachagua vizito, na miaka yote ya utoto wangu watu wa mtaani kwetu walinywa chai yenye sukari iliyotoka kwenye kurasa za sheria, za dini, na za namna ya kutibu kwato za farasi.

Katika sanduku moja la mnada kilikuwamo kitabu kikaidi. Kurasa zake zilikuwa ngumu kama ubao, zimetobolewa matundu ya duara, makubwa kwa madogo, na chini ya kila tundu pameandikwa jina la sarafu ya Kiingereza na mwaka wake. Matundu machache yalikuwa na sarafu zake. Mengine yote yalikuwa wazi. Baba alijaribu kukunja ukurasa mmoja ukamkatalia, akajaribu kuuchana ukamkatalia vilevile, akanirushia kitabu chote.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Hiki kimeshaliwa na panya kabla hakijafika."

Alidhani kweli matundu yale ni kazi ya panya. Labda panya wa Ulaya hutafuna kwa bikari.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kutolewa shule, niko nyumbani nasubiri kuolewa, kazi isiyo na mshahara wala likizo. Ili nisioze nilishona kofia za viua, na baba aliziuza dukani kwake. Pesa za kofia zilikuwa zangu. Hilo nililipigania mapema, kwa kulia kwa sauti mbele ya wateja, na baba, ambaye angeweza kuvumilia moto lakini si aibu ya mbele ya wateja, akakubali.

Albamu ile ilinikera. Nilikuwa nikiifungua mchana nikiwa peke yangu, na yale matundu matupu yalinitazama kwa jeuri. Tundu lililoandikwa jina la mtu asiyekuja lina namna ya kumdharau aliye mbele yake. Nikajiambia nitayajaza, yote, na sikuwa na sababu nyingine ya maana zaidi ya hiyo. Watu huniuliza ilikuwaje msichana wa Bagamoyo akaanza kukusanya sarafu za Waingereza, wakitarajia nitasema jambo la busara. Nilikerwa, basi.

Nyuma ya jalada palibandikwa anwani ya duka la sarafu huko London. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda kunywa maji, lakini nikaandika, na baada ya muda mrefu ikaja orodha ya bei. Humo ndimo nilimojua kwamba sarafu ziko za namna mbili. Ziko za kawaida, zilizopita mikononi mwa wauza samaki wa kwao. Na ziko zilizopigwa kwa kutazamwa tu, si kwa kutumiwa. Hizo madini yake husuguliwa kabla ya kupigwa mpaka yawe kioo, kila moja ikapigwa taratibu peke yake, kisha za mwaka mmoja zote zikalazwa pamoja kwenye kisanduku. Haziendi sokoni kabisa. Mimi niliziita sarafu za kioo, kwa sababu katika ile ya kwanza niliyoipata niliona pua yangu, juu kidogo ya pua ya mfalme, na yangu ilikuwa nzuri zaidi.

Ukinunua sarafu moja moja, bei zilikuwa za kuudhi. Robo peni, kitu ambacho hata kwao hakinunui ubuyu, ikiwa safi iliuzwa kwa pesa ambayo ningepata nazi za wiki nzima, na hapo bado gharama ya posta. Lakini mimi nimekulia nyuma ya kaunta. Najua kwamba anayenunua sabuni mche mzima hulipa kidogo kuliko yule anayekatiwa kipande kila Ijumaa, na najua hivyo kwa sababu wale wa vipande ndio waliotujengea choo. Nikakaa nikapiga hesabu. Kisanduku kizima cha sarafu za kioo kilijaza ukurasa mzima kwa mpigo, na kila tundu likawa limenigharimu chini ya nusu ya bei ya sarafu moja ya kuchagua. Tena vilikuwapo visanduku vyenye ila: bawaba imevunjika, kitambaa cha ndani kimeliwa na nondo, sarafu moja haimo. Wakusanyaji wa Ulaya waliona haya kuvinunua. Mimi haya hiyo sikuwa nayo. Albamu haihitaji bawaba, na visanduku viwili vyenye ila, vikipishana katika kilichopungua, vinatoa kimoja kamili. Nikamwandikia yule bwana wa London kwamba kila kisanduku kitakachopata ajali anikumbuke, naye akanikumbuka. Alianza kuniita "Bwana Mpendwa", nami sikuona sababu ya kumsumbua na ukweli.

Pesa niliipeleka kwa hawala ya posta. Nilikwenda nimejifunika buibui, mama akiwa pembeni yangu kama askari, na nyuma ya dirisha alikuwapo karani mmoja, kijana wa Zinga, mrefu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Makarani wengine hupiga mhuri kana kwamba wanaua nge. Huyu aliuweka taratibu, akaubonyeza, akauinua. Kifurushi changu cha pili au cha tatu kilipofika, ilibidi kifunguliwe mbele yake kwa ajili ya ushuru.

"Samahani, dada," aliuliza. "Humu mna nini?"

"Pesa."

"Na hizi ulizokuwa ukinipa hapa dirishani?"

"Pesa."

Akafikiri. "Kwa hiyo unanunua pesa kwa pesa."

"Ndiyo."

"Basi natumaini hizi ni nzuri zaidi," alisema, na akainama kuzitazama. Aliiona robo peni yenye ndege mdogo mgongoni, mkia umesimama, akaitazama muda mrefu. Na alipokuwa akiitazama aliweka mikono yake yote miwili nyuma. Sikumwambia asiguse. Hakugusa. Mama alinisukuma kwa kiwiko tuondoke, lakini mimi nilikwisha kuiona ile mikono.

Mji wetu ulikuwa mdogo na watu wake hawakuwa na kazi za kutosha. Habari ikasambaa kwamba binti wa dukani ananunua shilingi moja kwa shilingi mbili. Wakagawanyika makundi mawili. La kwanza lilisema nina wazimu, na baba aliona hilo linavumilika, maana katika ukoo wetu wapo waliokuwa na wazimu na bado wakaolewa. La pili lilisema ni riba. Hilo lilimtia homa. Kubadilisha fedha kwa fedha bila ulinganifu ni riba, kila mtoto wa chuoni anajua, na baba alianza kuona watu msikitini wakimpisha kwenye safu zaidi ya ilivyo kawaida. Akamwita maalim aliyenifundisha Kurani, mzee mnene mwenye kilemba kilichokuwa kikiteleza daima upande wa kushoto, aje atoe hukumu.

Maalim aliketi juu ya gunia la chumvi. Akaletewa chai, kisha kisanduku. Akaiinua shilingi moja kwa ncha za vidole.

"Hii ni fedha halisi?" aliuliza.

"Hapana, maalim," nilisema. "Siku hizi hawatii fedha. Ni madini mengine tu."

Baba akageuka. "Si fedha?"

"Si fedha, baba."

"Umenunua bati?"

"Inatumika dukani?" maalim akaendelea, bila kumjali.

"Haitumiki. Ikitumika inaharibika."

Maalim akairudisha mahali pake, akanywa chai taratibu. Kisha akatoa fatwa yake. Kitu ambacho si fedha wala dhahabu, na hakitumiki kununulia, hicho si pesa, na kisicho pesa hakina riba. Hili ni pambo. Pambo mtu hununua kwa bei yoyote mtakayoridhiana. Alipoondoka, baba alifarijika kwa upande wa akhera na kuumia kwa upande wa bati. Kuanzia siku hiyo mji mzima ulijua kwamba binti wa dukani hanunui pesa, ananunua mapambo, na kila mtu akalala kwa amani. Nami nililala kwa amani. Laiti ningejua neno lile pambo linakokwenda.

Mwaka ambao Waingereza walimvika malkia wao taji, mambo mawili yalitokea. Yule bwana wa London aliandika kwamba imetoka seti mpya ya sarafu kumi za kioo, na watu wa Zinga walikuja kuniposa kwa ajili ya karani wa posta.

Baba alikuwa radhi. Karani ana mshahara, ana viatu, na watu wake ni wa kuswali. Mimi pia nilikuwa radhi, lakini nilikuwa na hofu yangu, nami nitaisema kama ilivyokuwa. Nilikuwa nimeona wasichana wenzangu wakiolewa. Mmoja aliingia kwa mumewe na kasha lake la nguo, na kabla ya mwezi kuisha mawifi walikuwa wamevaa nusu ya kasha. Mwingine alikuwa akisoma, mumewe akavitia vitabu kwenye bati la dari kuziba mvua. Si watu wabaya. Waliona kitu kimekaa bure wakakipa kazi. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho kazi yake ilikuwa kukaa bure, na nilitaka kujua kama katika nyumba niendayo kuna mtu anayeweza kuacha kitu changu kama kilivyo.

Mahari ni haki ya mwanamke. Baba zetu wanaijua sheria hiyo vizuri, na huitaja kila wanapotaka kutunyamazisha katika mambo mengine. Kwa hiyo baba aliponiuliza nataka nini, nilimwambia: ile seti mpya, sarafu kumi ndani ya kisanduku chake, kisanduku kisifunguliwe. Kije kama kilivyotoka London.

Baba alichukua penseli ya dukani akaziorodhesha. Krauni, nusu krauni, sarafu ya shilingi mbili, sarafu za shilingi moja moja za namna mbili, na zile ndogo ndogo mpaka robo peni. Akajumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, maana hakuamini.

"Shilingi kumi na mbili na vipande," alisema.

"Si thamani yake, baba. Hiyo ni namba iliyoandikwa tu."

"Mwanangu, hiyo namba iliyoandikwa ndiyo watakayoisoma watu. Hata mbuzi wa Lugoba hatoki kwa hiyo."

Nilimweleza mambo ya kioo, ya kupigwa peke yake, ya matundu. Akasikiliza kwa upole wa mtu anayemsikiliza mgonjwa. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba kitakapotajwa mbele ya watu kitajwe kuwa pambo, kwa fatwa ya maalim, na lile neno shilingi lisitamkwe kabisa. Mshenga akaenda Zinga na ujumbe wangu. Akarudi na jibu kwamba karani amekubali, kisanduku kisichofunguliwa, na kwamba amekwisha kuagiza. Seti ilikuwa mpya na haina ila hata moja, hivyo hapakuwa na punguzo. Ni seti pekee maishani mwangu iliyonunuliwa kwa bei kamili, na pesa haikuwa yangu.

Mimi nikafungiwa ndani kama mwali. Albamu ilikuwa na kurasa za wafalme tu, malkia hakuwa na pake, kwa hiyo nikatengeneza ukurasa wangu mwenyewe. Nilichukua kipande cha katoni ya biskuti, nikazilaza sarafu za mfalme juu yake kwa kipimo, nikachora duara kumi, nikazikata kwa wembe. Nilizikata polepole, siku nyingi, mama akinipaka liwa na kulalamika kwamba nageuza shingo. Chini ya kila tundu niliandika jina. Zilipokwisha niliinua ukurasa ule dirishani, nuru ikapita kwenye matundu kumi, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi kuhusu ndoa.

Kumbe kisanduku kilikuwa kimefika salama, na karani, kwa adabu, alikuwa amempa mama yake akitunze Zinga, maana mahari hupitia mikononi mwa wakubwa. Akamwambia kisifunguliwe. Akarudi kazini.

Siku ya nikaha, wanawake waliingia chumbani kwangu na sinia limefunikwa kitambaa chekundu. Mama yake karani ndiye aliyelishika, mwanamke mfupi, mwenye uso wa kucheka, anatembea kama aliyebeba mayai. Akaliweka mbele yangu. Akafunua.

Ulikuwa mkufu. Sarafu zangu zote kumi zilikuwa zimetungwa kwenye mnyororo, kubwa katikati, ndogo pembeni, na kila moja ilikuwa imechomelewa pete juu ya kichwa cha malkia. Tena zilikuwa zimesuguliwa. Niliijua harufu: majivu na limau. Kioo kilikuwa kimekufa. Zile za shaba zilibadilika rangi palipopita moto, na ndege wa robo peni alikuwa mweusi kuanzia shingoni kwenda juu. Wanawake wakasema mashaallah. Nilitaka kuwapiga na sinia.

Wakati uleule maalim akakohoa nje ya pazia. Alikuja na mashahidi wawili kuchukua idhini yangu, kama ilivyo desturi.

"Binti," alisema, "baba yako anakuoza kwa karani huyu, kwa mahari ya mkufu wa sarafu kumi. Umeridhika?"

Nilikuwa nimejiapiza. Kisanduku kikija kimefungwa, nitasema nimeridhika kwa sauti itakayosikika barabarani. Kikija kimefunguliwa, nitasema hapana, na pilau wale paka. Nilifungua mdomo. Macho yangu yalikuwa kwa yule ndege mwenye shingo nyeusi, na sauti haikutoka. Maalim akauliza tena. Nikafungua mdomo tena. Akauliza mara ya tatu.

"Anaona haya," shangazi mmoja alisema.

"Amenyamaza, basi ameridhika," maalim alisema, na nyayo zake zikaondoka. Vigelegele vikapigwa.

Mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, sheria inamtaka atamke. Mwanamwali akinyamaza anahesabiwa amekubali, kwa sababu ya haya yake. Sijui ni nani aliyewaambia kwamba kimya cha msichana kina maana moja tu. Mimi nina kimya cha kila namna, na kile cha siku ile kilikuwa cha kuua mtu.

Mama mkwe akanivisha. Vidole vyake vilinuka limau. "Mwanangu," alinong'ona, "kijana alinambia nisifungue. Wanaume hawajui. Maalim amesema ni pambo, sasa pambo gani la kukaa sandukuni? Bibi harusi apewe sarafu mbichi namna ile, watu watasemaje?" Akaniambia kwamba yeye aliolewa na mkufu wa rupia za Wajerumani, akauvaa miaka mingi, mpaka mwaka wa njaa ulipouzwa kwa mtama. Tangu hapo alikuwa akijiambia kwamba mke wa mwanawe atauvaa mwingine. Alipoinama kufunga kishikizo nyuma ya shingo yangu, sikio lake lilikuwa karibu na jicho langu. Lilikuwa na matundu matatu, na yote yalikuwa matupu. Zile pete za sarafu zangu zilitoka kwenye herini zake mwenyewe. Alizipeleka kwa sonara, kwa kuwa hakuwa na fedha nyingine ya kuyeyusha.

Basi nikakosa hata pa kuielekeza hasira yangu. Nililia, na wanawake wakafurahi, kwa sababu bibi harusi akilia inapendeza.

Fungate tulikaa kwetu, katika chumba cha nyuma ya duka. Karani alikuwa na adabu, na mimi nilikuwa na ulimi. Nilimjibu kwa "ndiyo" na "sijui" mpaka asubuhi moja, tukiwa tumekwisha kunywa uji, akautoa ukurasa wangu wa katoni chini ya mto nilikouficha. Hakuushika kwa nguvu. Aliulaza juu ya mkeka, akaulaza mkufu pembeni yake, akakaa kitako.

"Nilisikia neno mkufu pale nikahani," alisema. "Nikajua mama amefungua. Maalim akaniuliza kama nimekubali kwa mahari hiyo, nami nikasema nimekubali, mbele ya watu, kwa sababu niliona haya kumwaibisha mama yangu."

"Kwa hiyo hata wewe," nilisema.

"Hata mimi."

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba sarafu ya kioo ikisuguliwa imekwisha, hakuna atakayeitaka, na kwamba zile kumi sasa hazina thamani hata ya ile namba iliyoandikwa. Nilimwambia baba alisema kweli, nimeolewa kwa bati. Nilimwambia kuhusu vitabu kwenye dari na nusu kasha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea, jambo ambalo lilinipunguzia raha ya kugomba.

Kisha akaichomoa robo peni kutoka kwenye mnyororo, akaijaribu juu ya tundu lake. Haikuingia, kwa sababu ya pete.

"Pete nikiivunja, mama ataona tutakapokwenda kwake sikukuu ya Idi," alisema. "Lakini tundu linaweza kuongezwa kidogo hapa juu, mahali pa pete. Tukienda Zinga tunazitunga unavaa. Tukirudi zinalala hapa." Akachukua wembe wangu, uleule niliokatia. Akauweka juu ya karatasi, akasimamisha mkono. "Ukurasa ni wako. Nikate?"

Sikujibu. Nilikuwa nikiutazama ukurasa niliouinua dirishani, duara zake kumi zilizokamilika, kitu cha mwisho nilichokuwa nacho ambacho mkono wa mtu mwingine ulikuwa haujakifikia. Nilitaka kusema ndiyo na nilitaka kusema hapana, na nilitaka hasa kumwacha akae hivyo mpaka mkono umfe ganzi. Nje baba alikuwa akimkatia mtu kipande cha sabuni. Nilisikia kisu kikipita na pesa ikidondoka kwenye kopo.

Karani akasubiri. Kisha akauweka wembe chini, akarudisha mikono yake nyuma, kama siku ile dirishani posta.

"Mke wangu, mimi kimya chako sikihesabu," alisema. "Juzi walikihesabu, nami nilikuwa nao. Leo sema kwa mdomo wako."

Hapo ndipo nilipoolewa, kama mnataka kujua. Siku nyingine zote ni za maalim.

"Kata," nilisema, na sauti ilitoka kubwa mno, hata baba akauliza kutoka dukani kuna nini. "Anza na la ndege."

Akaanza na la ndege. Akalikata likaenda upande.